Kona Zilizotazama Ndani

Mimi ni mwalimu wa udereva, na watu hunijua kwa sauti kabla hawajanijua kwa sura. Gari letu la kufundishia lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja yangu, na yangu ndiyo iliyochakaa. Nimewafundisha wanajeshi wastaafu, mabwana harusi wenye haraka, na daktari mmoja aliyekuwa akifumba macho kila akipishana na lori. Wote nimewapigia kelele sawasawa, bila ubaguzi. Mtu mmoja tu ndiye aliyenishinda, naye ni mama yangu mzazi.

Si kwamba hakujua kuendesha. Mama ni fundi cherehani wa maisha yake yote, na miguu yake inajua kukanyaga pedali taratibu kuliko mguu wowote niliowahi kuukalia kando. Klachi aliiachia kwa upole uleule anaotumia kwenye pindo la hariri. Mtihani wa barabarani aliufaulu mara ya kwanza, na mtahini akashuka garini akimpa mkono. Kilichomkwamisha ni mtihani wa alama. Unaingia chumbani peke yako, mtahini anakuonyesha kadi moja moja zenye alama za barabarani, nawe unataja jina la kila moja na maana yake. Mama aliingia, akatoka amekosa. Akaingia tena siku nyingine, akatoka amekosa tena. Alama asizozikumbuka alizipa majina yake mwenyewe papo hapo, na mtahini hakuwa na safu ya ubunifu kwenye karatasi yake.

Nyuma ya nyumba ya Mama kulikuwa na pikapu ya marehemu baba. Mama alikuwa ameishonea kifuniko cha turubai kilichoikaa sawasawa hadi kwenye vioo vya pembeni, ungesema gari lilipimwa dukani. Miaka yote ya ndoa yake alikaa upande wa abiria, na baba alipofariki akasema sasa anataka kuujua upande wa pili. Kaka yangu hakupenda. Kaka ni mhasibu, na hata mapenzi yake huyapigia hesabu.

"Gari likikaa tu linaoza, Mama," alimwambia. "Na kuna mtu analitaka."

"Huyo mtu anataka vingi. Aje anitake na mimi, basi."

Walivutana hivyo kwa muda mrefu, mpaka wakaafikiana mezani, mbele yangu. Mama akifaulu mtihani wa alama safari hii, pikapu inabaki. Akikosa mara ya tatu, Kaka anaipeleka kwa mnunuzi siku hiyohiyo. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara wasiojuana. Mimi nilikasirika nikaenda jikoni kuosha vyombo kwa fujo.

Hapo ndipo ilipoingia kamusi elezo. Ni ile ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kumsahihisha. Nilikuwa nimeanzisha humo makala kuhusu alama za barabarani, kwa sababu wanafunzi wangu hutafuta kila kitu kwenye simu, na alama zetu walizikuta kwa lugha za watu. Niliweka makundi yake: za onyo, pembetatu zenye ukingo mwekundu; za kukataza, duara lenye ukingo mwekundu; za kuamuru, duara la buluu; za kuelekeza, zenye pembe nne. Kisha nikakwama. Mimi si mwandishi. Sentensi zangu zote zilitoka kama amri za mtu anayekaribia kugongwa.

"Mama, njoo tuandike wote," nikamwambia. "Kitu ulichokiandika kwa mkono wako hakikutoki kichwani."

Nilidhani nampa dawa ya mtihani. Kumbe nilikuwa nampa kazi. Alivaa miwani yake, akaifungua kompyuta yangu ya zamani juu ya meza ya cherehani, na baada ya hapo sikuipata tena. Jambo la kwanza, alisema majina ya kitabuni hayatoshi, watu wana majina yao. Akaenda kituo cha mafuta kuwauliza madereva wa malori, akarudi na vumbi kwenye viatu na furaha usoni. Ndivyo nilivyojua kwamba alama ya barabara yenye utelezi wenyewe wanaiita "gari mlevi," ya watu kazini wanaiita "mchimba viazi," na ya mteremko mkali wanaiita "sali kwanza." Mama akachora jedwali zuri: picha, jina la kitabuni, jina la mtaani, maana.

Lakini kamusi elezo haipokei neno la mdomo, inataka chanzo. Mama akaandika chanzo chake: "Dereva wa lori la saruji, mtu mzima, mkweli, ana wake wawili na hajawahi kugonga." Kikafutwa. Akaandika tena kwa kirefu zaidi. Kikafutwa tena. Aliyekuwa akifuta ni mhariri mmoja mkongwe wa humo ambaye hatujawahi kumwona, tukambandika jina la Bwana Kanuni, kwa sababu kila alichoandika kilianza na neno "kwa mujibu." Mama hakununa. Alitafuta mpaka akapata jarida la chama cha madereva lililochapisha majina yaleyale, akalitaja hilo, na Bwana Kanuni akanyamaza. Baadaye akaandika: "Kazi nzuri." Mama aliniita nitoke bafuni nije nisome.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama akaanza kutaka nyota. Kwenye kamusi elezo, makala iliyokamilika kuliko nyingine hupewa alama ya nyota pembeni, baada ya wahariri kuikagua na kupiga kura. Makala yetu ikapelekwa mbele ya wahariri. Mmoja akalalamikia koma, mwingine akasema utangulizi ni mrefu. Bwana Kanuni akaleta la mwisho. Kwa mujibu wa mwongozo, aliandika, picha zinapaswa kutazama maandishi, na picha kadhaa kwenye sehemu ya kona zinatazama nje ya ukurasa. Zikirekebishwa, yeye anaunga mkono.

Siku hiyo nilikuwa barabarani na mwanafunzi aliyetaka kupanda mti kwa gari. Mama alikuwa peke yake na kompyuta.

Ni vizuri nieleze jinsi alivyokuwa amezipanga. Alama za kona ya kulia aliziweka upande wa kulia wa ukurasa, na za kona ya kushoto upande wa kushoto, maandishi yakiwa katikati. Ni mpango wa mtu mwenye akili. Lakini basi mishale yote ilikuwa ikielekea nje, kila mmoja ukiyapa maandishi kisogo. Mwongozo wa Bwana Kanuni uliandikiwa picha za watu, kwamba mtu kwenye picha asionekane anatazama ukutani wakati habari zake zimeandikwa upande wa pili. Mama aliusoma kama ulivyo. Na kwa fundi cherehani, kugeuza kitu si kukibadilisha. Kipande cha mbele cha shati, upande wa kushoto, ndicho hichohicho cha kulia ukikipindua; unakata viwili kwa mpigo, unavitazamisha, unashona. Akabonyeza kitufe cha kugeuza picha, moja baada ya nyingine. Mishale yote ikatazama ndani, ukurasa ukapendeza. Majina chini ya picha hakuyagusa.

Alama ya "SIMAMA" hakuigeuza, kwa sababu herufi zingekaa kinyumenyume. Angeigeuza hiyo, hata kuku wangegundua.

Nyota ikaja. Mama alipika, akaalika majirani, akawaonyesha nyota yenyewe kwenye skrini, ndogo kama kifungo cha kola, nao wakaipongeza kwa heshima ingawa hawakuelewa ni nini. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Nilisoma utangulizi, nikasoma vyanzo, nikahesabu nimetajwa mara ngapi kwenye historia ya ukurasa. Picha sikuzitazama. Nani anatazama picha za vitu anavyovifundisha kila siku? Na Mama, kwa vile mtihani ulikuwa unakaribia, akawa anajisomea makala yake kila asubuhi na chai, akiziba majina kwa kipande cha kitambaa na kujitajia. Aliacha kabisa kubuni. Nilimsikia kutoka chumba cha pili akizitiririsha alama moja baada ya nyingine, nikamwambia moyoni mwangu, safari hii, Mama, wanakoma.

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Sisi tulikuwa wengi, na neno likaharibika mbele ya macho yetu likapewa na nyota juu.

Siku ya mtihani tulikwenda watatu kwa pikapu, Kaka akiendesha. Alisema ni kwa ajili ya kumsindikiza Mama, lakini nilijua akikosa tu Kaka anapitiliza kwa mnunuzi. Ofisi ya watahini ina ua mpana wa changarawe, benchi refu chini ya mabati, na mlango mmoja wa kijani ambao watu huingia wamenyooka na kutoka wamekunjika. Mama alivaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, la buluu lenye ukingo mweupe. Nikamwambia amevaa alama ya kuamuru.

"Ndiyo," alisema. "Naamuru nifaulu." Akaingia.

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi, funguo mkononi, anazizungusha kidoleni. Nilitaka ajisikie vibaya, kwa hiyo nikatoa simu nimwonyeshe nyota. "Tazama alichofanya mama yako wakati wewe unatafuta wa kumuuzia gari lake."

Kaka alisoma. Alisoma kwa makini, kama anavyosoma kila kitu, na uso wake ukaanza kulegea. "Ameandika haya yeye? 'Sali kwanza'?" Akacheka. Akateremsha ukurasa chini, akafika kwenye kona, akasita. "Hii imeandikwa kona kulia. Mbona mshale unakwenda kushoto?"

"Unashika simu vibaya wewe."

"Simu nimeshika vizuri."

Nikamnyang'anya. Kona kulia, mshale kushoto. Kona kushoto, mshale kulia. Kona mfululizo ya kwanza kulia, inaanza kushoto. Barabara inayoungana kutoka kulia, inatokea kushoto. Zote, jamani, zote, zimepangwa vizuri zikitazama ndani kama wageni mezani. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mtu wa kumpigia kelele hakuwepo, kwa hiyo nikampigia Kaka.

"Amezisoma hivi kila siku! Yuko mle ndani anazitaja hivi!"

Kaka aliacha kuzungusha funguo. Tulikaa pale tukiutazama mlango wa kijani, nami nilijua, kama ninavyojua breki yangu, kwamba pikapu imekwenda.

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka anang'aa uso mzima, ameinua karatasi juu.

"Nimepita!"

Sikumwelewa. "Umepita nini?"

"We mtoto, nimepita nini? Mtihani! Amenionyesha kona, nikamtajia. Amenionyesha barabara za kuungana, nikamtajia. Hakuna hata moja niliyokosa. Mtahini amesema hajapata mtu kama mimi leo, wenzangu wote kona zimewashinda."

Kaka aliichukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma, maana hata furaha yeye huikagua. Mhuri ulikuwepo, sahihi ilikuwepo. Kisha kaka yangu, ambaye hajakumbatia mtu tangu harusi yake, akamkumbatia Mama. "Basi imebaki," akasema. "Gari ni lako."

Nami pia nilifurahi, sitadanganya. Nilisema labda Mungu anapenda mafundi cherehani. Lakini kichwani kulikuwa na kitu kinachonikwaruza, na kabla sijakikamata, mlango ukafunguliwa tena akatoka muuguzi kijana, bado yuko kwenye sare yake nyeupe, analia. Alikaa mwisho wa benchi letu. Mama, ambaye hawezi kumwacha mtu alie peke yake, akamsogelea.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Zahanati imenipa kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, mama, nikipata leseni. Leo ndiyo siku ya mwisho waliyonipa." Akajifuta kwa mkono. "Mshale unakwenda kushoto, nikasema kona kushoto. Ananiambia nimekosa, ni kona kulia. Nimemwambia tazama mwenyewe, ananiambia nisimfundishe kazi."

Hapo nikakikamata. Nilimvuta Mama kando, nikampa simu, nikamwonyesha. Sikuhitaji kusema sana. Aliitazama kona ya kulia, akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama, akarudi kwenye picha. Nilimwona akielewa, na ningetoa chochote nisimwone.

"Nilizigeuza," alisema. "Ili zitazame maandishi."

"Na huyu mtahini amechukua kadi zake humo humo. Hakuna njia nyingine."

Kaka naye alikuwa amesogea, amesikia kila neno. Nilimtazama kwa ukali, nikingojea aseme kwamba karatasi haina maana, tupeleke gari. Hakusema hivyo. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, una mhuri. Umefaulu. Twende nyumbani, hizo picha mtazirekebisha mkifika."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Kona nitamfundisha mwenyewe, nilijiambia, nina pedali ya breki.

Mama alikuwa akimtazama muuguzi. "Na yule mtoto?"

Mama akaikunja karatasi yake, akajiweka sawa gauni, akaenda kubisha hodi kwenye mlango wa kijani. Mimi nikamfuata, kwa sababu simjui mtu wa kunizuia, na Kaka akanifuata mimi.

Mtahini ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Alikuwa nyuma ya meza na kadi zake mbele yake. Niliona mara moja anavyofanya kazi: uso wa kadi wenye picha anamwelekezea mtahiniwa, na nyuma amebandika jina, ndilo analolisoma yeye. Uso wa kadi yeye hauoni kabisa.

"Mama, umesahau kitu?"

"Nimekuja kukwambia kadi zako zina makosa, na makosa ni yangu."

Alieleza yote, bila kujitetea, mikono ameikutanisha mbele. Mtahini alimsikiliza akitabasamu kama mtu anayesikiliza hadithi ya mgonjwa. Akasema kadi za zamani zilififia, mpya hazijaletwa, kwa hiyo jana jioni alichapisha za mtandaoni. "Na sikuchukua popote tu. Nilichukua kwenye makala yenye nyota."

"Nyota hiyo ni yangu," Mama akasema.

Mtahini akachukua kadi. Akasoma nyuma. Akaigeuza, akatazama mbele. Akasoma nyuma tena. Alifanya hivyo kwa kadi ya pili, na ya tatu, na tabasamu likawa linapungua kadi kwa kadi. Mwishowe aliziweka chini, akavua miwani, halafu tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko chake kilikuwa na woga ndani yake. "Asubuhi nzima," alisema. "Nimewafelisha wanaojua, asubuhi nzima."

Alitoka mwenyewe hadi benchini kumwita muuguzi, na wengine waliokuwa hawajafika mbali, akawaomba radhi. Kisha akachukua chaki, akawa anachora alama kwenye ubao, moja moja, akiwauliza upya. Muuguzi alijibu zote. Alipopewa karatasi yake alimkumbatia mtahini, mtahini akabaki ameinua mikono na chaki, hajui aiweke wapi.

"Na wewe pia, mama," alisema mtahini, akimgeukia. "Sheria ni sheria. Siwezi kuacha matokeo ya kadi zile."

"Najua. Chora."

Alichora kona. Mama aliutazama mshale. Nilimwona midomo ikitaka kwenda huku na macho yakitaka kwenda kule. Kila alichosoma asubuhi na chai kilikuwa kinyume, na sasa alitaka kukipindua akiwa amesimama, na akili haipinduliki kama kitambaa. Alisema kulia, ikawa kushoto. Akafikiri sana, akasema kushoto, ikawa kulia. Za kukataza alizipata zote, za kuamuru zote, hata mchimba viazi alimtaja kwa jina lake la kitabuni. Kona zikamwangusha. Mtahini aliandika polepole, na nadhani hakuna karatasi iliyowahi kumuuma kuiandika kama ile.

"Rudi wiki ijayo, mama. Nitakuchorea mimi mwenyewe."

Mama alimshukuru. Tulipotoka nje alikaa benchini, akaomba simu yangu, na kabla ya jambo lolote akafungua ukurasa wake, akazirudisha picha zote kama zilivyokuwa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikimlaumu kila mtu kwa zamu. Jibu la Bwana Kanuni lilifika hata hajamaliza: kwa mujibu wa mwongozo, picha zinatazama nje tena, kwa hiyo nyota itabidi iondolewe. Mama akamwandikia kwa adabu zake zote: "Mwanangu, njoo uendeshe gari kwa mwongozo huo, tukuzike vizuri." Akamweleza kilichotokea. Baada ya muda likaja jibu ambalo halikuanza na "kwa mujibu." Lilisema: "Samahani sana, mama. Mimi sijawahi kuendesha gari."

Kaka alikuwa amesimama kando ya pikapu, anaongea na simu, ametupa mgongo. Nilijua ni nani. Makubaliano ni makubaliano, na yeye ni mtu wa makubaliano. Nilikwenda kumshambulia na maneno yangu tayari mdomoni. Nikamsikia akisema, "Hapana, si suala la bei. Haliuzwi tu." Akasikiliza. "Ndiyo, amekosa. Hata hivyo haliuzwi." Akakata simu, akaniona. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikuwa na mhuri mkononi," akaniambia. "Uliona? Mkononi kabisa." Zaidi ya hapo hakuweza, nami maneno yangu yote ya kumshambulia yakanipotea. Nilimpenda sana kaka yangu wakati ule, na nilimwambia hivyo, akaaibika akaanza kukagua matairi.

Kisha akamwendea Mama pale benchini, akamwekea funguo kiganjani.

"Lakini nimekosa," Mama akasema.

"Umekosa kona. Twende zetu tukazitafute."

Alikuwa bado na leseni ya mwanafunzi, na mwalimu nilikuwepo, kwa hiyo sheria ilikuwa upande wetu. Tukakaa watatu mbele: Mama kwenye usukani, mimi katikati na mkono wangu juu ya breki ya mkono, Kaka dirishani amebanana na mlango. Mama alisogeza kiti cha baba mbele, akarekebisha kioo, akawasha. Tulitoka uani taratibu. Muuguzi alikuwa kituoni akingoja usafiri, akatupungia.

Barabara ile inateremka kati ya nyumba na maduka ya vifaa vya ujenzi, na chini kabisa kuna kona kali. Kabla yake imesimama pembetatu nyekundu yenye mshale mweusi, juu ya nguzo iliyopinda kidogo. Mama aliiona. Akawasha taa ya kuonyesha, akaizima. Akapunguza mwendo, akapunguza zaidi, na karibu na nguzo akasimama kabisa, katikati ya njia yake, akainua uso kuitazama.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Huwezi kusimama pale, kitabu chote kinakataza. Nyuma yetu gari likapiga honi. La pili likapiga, kisha lori, kwa muda mrefu, honi ile ya kukutukana wewe na ukoo wako.

Mama hakushtuka. Aliutazama mshale, akautazama mkono wake mmoja, akautazama mwingine. Honi zote zikaungana zikawa moja.

Kaka yangu mhasibu, mtu wa kola na tai, akateremsha kioo, akatoa kichwa na mabega yote nje, akawageukia wale wa nyuma.

"Subirini!" akapaza sauti, sauti ambayo sikujua anayo. "Subirini! Mama yangu anasoma!"